Tathmini ya somo la mekatroniki katika shahada ya uhandisi mitambo

Nimesoma mekatroniki kwa muhula mmoja, nikiwa mwaka wa nne wa uhandisi mitambo katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na ninawaandikia wanaosita kulichagua somo hili kwa kudhani kwamba ni la watu wa umeme. Jina lenyewe lilibuniwa Japani mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa, kwa kuunganisha mekaniki na elektroniki, na thamani ya somo imo katika muungano huo.

Kazi yetu ya muhula ilikuwa kuunda mkanda mdogo wa kusafirishia unaotenganisha vipande vya chuma na vya plastiki, ukiongozwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki inayoendeshwa kwa programu unayoiandika mwenyewe. Tulipouwasha mara ya kwanza, mota ilishtuka, bodi ikazimika, ikawaka upya, kisha yote yakajirudia. Kwa siku mbili tuliipitia programu mstari kwa mstari bila kuona kosa, mpaka fundi wa maabara alipoweka ncha za multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye njia ya volti 5 inayoilisha bodi na kutuonyesha tarakimu zikiporomoka kila mota ilipoanza. Mota iliyosimama haina volti ya kuupinga umeme unaoingia, hivyo mkondo wake huzuiwa na ukinzani wa waya peke yake na huwa mkubwa mara kadhaa kuliko inapozunguka. Nasi tulikuwa tumeilisha mota na bodi kwa betri moja. Tuliipa mota betri yake, tukaunganisha hasi za betri zote mbili, na bodi ikatulia.

Mkanda ulipoendelea kwenda polepole, sisi wa mitambo tulizishuku beringi tukazitia grisi, kumbe kiendeshi cha mota, yaani saketi ya L298N inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota kwa amri ya bodi, hupoteza takriban volti 2 ndani yake, na mota yetu ya volti 6 ilikuwa ikipata kama 4 tu. Sijui somo jingine katika shahada yetu ambalo lingenifundisha kutafuta chanzo cha mashine kwenda polepole nje ya vyuma vyake.

Upungufu upo, nao ni wa mpangilio. Mbinu ya Laplace, ya kugeuza milinganyo ya mabadiliko kuwa ya aljebra, ilianza wiki ya pili, kabla hatujagusa mota hata moja, na wengi wetu tuliikariri bila kuona inaeleza nini. Ingefundishwa baada ya mkanda, kila mmoja angejua kwa nini kasi hupita kiwango kilichowekwa kabla ya kutulia. Maabara ilipewa saa mbili tu kwa wiki. Linaloniuma zaidi ni kwamba PLC, kompyuta ya kuongozea mashine za viwandani, tuliiona kwenye picha za ukutani peke yake, ilhali kiwanda nilikokwenda kwa mafunzo kwa vitendo kilikuwa kikiitumia katika kila mstari wa uzalishaji, na ilinibidi nianze kujifunza nikiwa nimesimama mbele ya kabati la umeme.

Pamoja na hayo ninawashauri mlichukue, mradi mrudie kwanza saketi za umeme za mwaka wa kwanza na mjizoeze kuandika programu kwa lugha ya C. Kila kikundi kinunue pia multimita yake, kwa kuwa ya maabara ilikuwa moja, na vikundi tulikuwa vinane.