Waridi la jangwani kutoka kitalu cha Nzuguni: nimekaa nalo miaka mitatu

Nilihamia Dodoma mwaka 2019 nikitokea Lushoto. Aliyefika Lushoto anajua: kule unachomeka kijiti cha waridi ardhini, unakisahau, baada ya mwezi kimeshatoa majani. Mama alinifungia vijiti saba ndani ya gazeti lililoloweshwa, nikavibeba mapajani kwenye basi mpaka hapa. Sita vilikauka kabla ya Oktoba. Cha saba kililiwa na mbuzi wa jirani kule Nkuhungu nilikokuwa nimepanga. Niliumia sana, maana vilikuwa vya mama.

Nilijaribu tena na tena. Mvua ya hapa kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, na kuanzia Julai ni jua na upepo. Maua niliyoyazoea yalitaka dumu zima kila jioni, na bombani maji yalikuja kwa mgao. Kuna siku nilisimama uani na dumu la lita ishirini nikijiuliza, ninyweshe maua au nifue sare za watoto. Nikafua sare.

Kitalu ninachotaka kukisifu, na kukikosoa pia, kipo Nzuguni, kando ya barabara, chini ya miarobaini miwili mikubwa. Hakina kibao. Utaona neti nyeusi ya kivuli, tenki la maji, na safu za viriba, ile mifuko ya miche, mpaka nyuma kwenye ua wa miba. Mwenyewe ni mama wa makamo, Mgogo, na kijana wake anamsaidia. Siku nilipomkuta nilimsalimu kwa Kigogo changu kidogo, "Mbukwenyi," akacheka kwa furaha, kisha akaanza kuniuliza yeye kabla sijauliza bei.

"Mlango wako unatazama wapi, mwanangu?"

"Magharibi, mama. Jua la mchana lote linaishia barazani."

"Na maji mnapata siku ngapi?"

"Mbili kwa wiki, na kuna wiki hazifiki."

"Basi mawaridi ya kwenu tuyaache. Njoo huku nyuma."

Huko nyuma, nje kabisa ya neti, juani, ndipo alipokuwa ameyapanga mawaridi ya jangwani. Wauzaji wengi mjini huyaita dezati rozi. Si waridi kwa ukoo. Ni ndugu wa oleanda. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Adenium limetokana na Aden, bandari ya Yemen, na obesum kwa Kilatini ni nene, kwa sababu ya lile shina linalovimba chini kama chupa na kuweka maji humo. Tena si mgeni kwetu: linaota lenyewe porini katika sehemu kavu za Tanzania. Nilipoambiwa hivyo nilijisikia vibaya kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nikipigana na ardhi ya watu kwa mimea ya milimani.

Mpaka leo nimenunua miche mitatu pale, na kila mmoja una habari yake.

Wa kwanza niliuziwa na kijana, mama akiwa hayupo. Ulikuwa na maua manne ya rangi ya waridi yenye koo jeupe, nikaupenda papo hapo, nikatoa shilingi 15,000. Sikuambiwa kuwa ulitokana na tawi lililokatwa na kuchomekwa. Waridi la jangwani la kuchomeka huota vizuri na kutoa maua mapema, lakini lile tumbo zuri la chini halijengeki kama la mche wa mbegu. Miaka mitatu sasa wangu ni mwembamba kama mpini wa jembe. Maua unatoa, sikatai, ila niliutaka kwa ajili ya shina, na kijana alinisikia nikisema hivyo.

Wa pili ni wa mbegu, aliouchagua mama mwenyewe. Shilingi 8,000, ukiwa na umri wa mwaka mmoja, urefu wa kiganja, bila ua hata moja. Aliuvuta taratibu kutoka kwenye kiriba akanionyesha mzizi uliokwisha kunenepa kama karoti. "Huu utakusubirisha," akasema, "lakini ndio wako." Ulinisubirisha miezi kumi na nne. Leo shina lake silizungushi kwa mikono miwili, na kila ninapouhamishia chungu kikubwa zaidi naupandisha juu kidogo ili mizizi minene ionekane. Wageni huuliza kama ni mbuyu mdogo.

Wa tatu ndio ulionigharimu. Ulikuwa wa kubebesha, yaani tawi la mmea mmoja limeungwa juu ya shina la mwingine, shilingi 45,000, maua mekundu yaliyokolea, petali juu ya petali. Niliununua Desemba. Januari mvua ikaja, nami nikauacha nje ukiwa kwenye udongo uleule wa kitaluni. Baada ya wiki mbili majani yakawa ya njano, nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Nilipobonyeza shina, kidole kiliingia kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Nikaupakia kwenye bajaji nikaurudisha.

Mama hakubishana nami. Aliulaza kwenye turubai, akaukata kwa kisu kuanzia chini akitafuta mahali palipo safi, akakata tena, akakata tena, mpaka akafika pale tawi lilipoungwa na bado ni kahawia. Akaniambia ukweli ambao ningependa kila mnunuzi aambiwe siku ya kwanza: udongo wa viriba vyao ni mchanganyiko mmoja kwa mimea yote, udongo mweusi na samadi nyingi, kwa sababu kiriba cheusi kikikaa juani hukauka haraka mno na wao hawawezi kumwagilia mara mbili kwa siku. Kwa kitalu ni sawa. Kwa waridi la jangwani linalokwenda kukaa kwenye chungu cha nyumbani wakati wa masika, ni sumu. Alinipunguzia nusu ya bei kwa mche mwingine, lakini sikuuchukua. Nilimwomba anifundishe.

Alichonifundisha ndicho kinachonifanya nirudi pale. Ukifika nyumbani, toa mche kwenye kiriba, osha udongo wote uishe kwenye mizizi, kata iliyooza au kuvunjika, kisha uweke kivulini bila udongo kwa siku nne au tano mpaka vidonda vikauke. Usiogope, hautakufa; maji umeyabeba ndani. Udongo wake mimi nachanganya hivi: ndoo mbili za mchanga wa korongoni, ule wenye chembe kubwa, si wa kupigia lipu, nusu ndoo ya kokoto ndogo na vipande vya mkaa, sado moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi ikizidi unapata majani mazito na ua hupati. Ukishapanda, kaa wiki nzima ndipo umwagilie mara ya kwanza. Hapa ndipo wengi tunashindwa, mkono unawasha.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kati ya Agosti na Novemba nauwekea lita moja kila baada ya siku saba hadi kumi, baada ya kuchoma kidole udongoni na kukuta pakavu mpaka chini. Juni na Julai usiku ukiwa na baridi, majani hupukutika, na mwaka wa kwanza nilidhani umekufa. Umelala. Wakati huo kopo moja kwa mwezi latosha. Mvua zikianza nausogeza upenuni.

Na maua yake, jamani. Yanakuja Septemba na Oktoba, wakati ambao Dodoma yote ni rangi ya vumbi, mibuyu haina jani, na upepo unatupa mchanga mpaka ndani ya sufuria. Hapo ndipo mti huu usio na jani hata moja unapojaa maua ya rangi ya waridi. Mwaka jana nilihesabu hamsini na mawili kwa pamoja. Nikampigia mama Lushoto kwa video, akasema nimsogezee simu karibu, akanyamaza muda mrefu akiyaangalia.

Jambo moja nalisema kwa mkazo kwa sababu kijana wa pale halisemi: utomvu wake ni sumu, unashambulia moyo. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huupika wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia. Ukikata tawi au mzizi vaa glavu, nawa kwa sabuni, na kama una mtoto wa kutambaa weka chungu mahali asipofika. Mbuzi wa hapa mtaani wanaupita bila kuugusa, nadhani wanajua. Mama wa kitalu huniambia hilo kila ninapokwenda, hata sasa. Kijana anapokea pesa na kukufungia tu. Hilo warekebishe.

Wadudu si wengi. Mwezi Machi vidukari vya njano hukaa kwenye machipukizi, sabuni ya maji kidogo inatosha. Mara moja kiwavi wa kijani mwenye madoa kama macho alikula majani yote usiku mmoja. Nilimtoa kwa mkono.

Vyungu vya saruji wanavyouza pale sivipendekezi. Kimoja nilichonunua kilikuwa na tundu moja tu, dogo kuliko kidole gumba, na kwa mmea huu maji yasipotoka haraka umeshapoteza. Mimi natumia ndoo za rangi nilizotoboa matundu kumi kwa msumari wa moto, naona zinafanya kazi vizuri zaidi. Kufikisha mzigo kwa bajaji yao mpaka Ilazo walinitoza 4,000, na miche ilifika imesimama, imezungushiwa magunia. Unaweza kulipa kwa simu.

Mwaka huu mche wangu wa mbegu umezaa. Tunda lake huja mawili mawili kama pembe za ng'ombe, na likikauka linapasuka na mbegu zinapeperuka kwa manyoya ya ncha zote mbili. Niliyafunga kwa vipande vya neti ya mfuko wa vitunguu kabla hayajapasuka. Nilipanda mbegu ishirini na mbili kwenye mchanga, ndani ya wiki moja zikawa zimeota kumi na saba. Nilipompelekea mama wa kitalu mitano alikataa kuichukua bure. Alinipa mche wa mshubiri wa maua ya chungwa tukabadilishana.

Kwa nyota tano nawapa nne. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, mama akiwa mwenyewe, na upite moja kwa moja mpaka nyuma ya tenki, safu ya miche midogo isiyo na maua.