Kifaru kinachoitwa Panya, na pingili moja iliyonitoa jasho

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka vipimo akasome kwenye boksi.

Nilinunua modeli ya plastiki, ya kuunga mwenyewe, ya Maus, kile kifaru cha majaribio cha Wajerumani wa Vita ya Pili ya Dunia. Maus kwa Kijerumani ni panya. Panya wa tani 188! Daraja gani lingembeba? Ndiyo maana walipanga kipite chini kwa chini mtoni, huku kifaru kingine kikiwa ukingoni kinakipa umeme kwa waya. Sisi Mtwara tunakatikiwa umeme tukiwa nchi kavu, wao ndani ya maji!

Mzigo ulikuja na basi kutoka Dar, msimu wa korosho. Boksi limebonyea, linanuka dagaa. Hilo nalisamehe.

Nisilosamehe ni mnyororo, ule unaozunguka magurudumu. Hauji mzima. Ni pingili mojamoja, unaibandua, unaikwangua kwa wembe, unatia gundi, unashikilia mpaka ishike. Jioni nne nimekaa barazani Chikongola, mbu wananimaliza. Kulia ukafunga safi. Kushoto ukaishia njiani, likabaki pengo la pingili moja. Nikahesabu upya, nikafagia baraza, nikawashuku hadi kuku.

Nikampigia muuzaji. Wakati wa kulipa nilikuwa "bosi wangu". Sasa nimekuwa mzee: "Mzee, si unakiweka kabatini? Upande huo geuzia ukutani." Akakata simu. Geuzia ukutani! Jioni nne za mtu mzima!

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila mpwa wangu alikuja, akakitazama, akasema, "Mjomba, lete kandambili ile iliyokatika." Akachonga kipande cha soli kwa wembe wangu, akakipaka rangi, akakichomeka. Ukiambiwa utafute, hukioni. Mimi nakiona, maana najua kilipo.

Na niseme kweli, kichwa chake chenye mizinga miwili, mkubwa na mdogo pembeni, kiliingia bila gundi na kinazunguka laini kama kifuniko cha chupa. Aliyekichora alikuwa na mkono. Halafu hata kile cha kweli kilichobaki, kilichoko makumbusho ya Kubinka huko Urusi, ni cha kuungaunga: viliundwa viwili, Wasovieti wakachukua kichwa cha kimoja wakakipandisha kwenye kiwiliwili cha kingine. Changu kina kandambili, basi.

Nyota tatu. Mbili za kifaru, moja ya mpwa. Muuzaji hana kitu.

Juzi kanitumia picha ya meli ya vita, naye kanirudisha kwenye ubosi. Nilikusudia kumtukana. Nikajikuta nauliza bei, na kama pingili zimehesabiwa. Akajibu meli haina pingili, bosi wangu.