Kuombewa chuo steshenari, Moshi na Arusha: unalipia nini hasa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, steshenari za jirani na stendi ya Moshi na zile za Kilombero, Arusha, hubandika mlangoni tangazo linalofanana: tunaomba vyuo, tunaomba mkopo. Huduma ni halali, na wapo wengi wasio na kompyuta wala bando la kutosha. Ila ndani ya huduma hiyo vinauzwa vitu vitatu tofauti, na kimoja ni hewa tupu.

Hewa ni ile ya "nina mtu pale chuoni". Kinachoiua ni namba ya mtihani. Ukifungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wa chuo, unaingiza namba yako ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, na mfumo unavuta alama zenyewe kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Huziandiki wewe, wala mwenye duka. Chuo kikishachagua, orodha inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na huko sifa zinahakikiwa upya. Huyo mtu wa chuoni angelazimika kugeuza D yako kwenye kumbukumbu za Baraza. Hana ubavu huo, na akikwambia anao, bei aliyokutajia ni ya kukutapeli.

Alama yenyewe nayo si rahisi kuichezea ikishatoka shuleni. Karatasi ya majibu ina namba, haina jina. Wasahihishaji hutoka shule mbalimbali na hugawana maswali, hivyo hakuna mmoja anayeshika alama zako zote. Udanganyifu upo, tusidanganyane: mwaka 2022 Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kuvifungia vituo 24. Lakini uchafu ule ulifanyika vituoni, wakati wa mtihani. Haukufanyika kwenye ofisi ya udahili.

Anayeona tunausifia mno mtihani wa taifa aitazame nchi ya Georgia. Kabla ya 2005 kila chuo kilijitungia mtihani wa kuingilia, nafasi zikauzwa kwa maelfu ya dola, na mwalimu wa tuisheni aliyelipwa vizuri angeweza kuwa ndiye anayekaa kwenye kamati ya kutahini. Mwaka ule ukaletwa mtihani mmoja kwa nchi nzima: karatasi zikawekewa msimbo mahali pa jina, vyumbani zikafungwa kamera, na wazazi wakawatazama watoto wao kwenye skrini zilizowekwa nje. Ukraine ikafanya mtihani wake wa nje kuwa wa lazima mwaka 2008. Biashara ya kuuza nafasi za kuingilia ikapungua sana kote kuwili, ingawa Ukraine rushwa ya kupasishwa mitihani ya ndani ya chuo iliendelea. Mtihani wa kuingilia unalinda geti tu.

Kitu cha pili kinachouzwa ndicho chenye thamani: kujua kuusoma mwongozo wa udahili wa TCU. Hapa maduka yanatofautiana sana. Kanuni ya jumla ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayotambuliwa na kozi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S si prinsipo. Duka bovu linajumlisha pointi na kuishia hapo. Sasa chukua mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia, anayetaka udaktari wa binadamu pale chuo cha KCMC, Moshi. Jumla yake ni 6, na kiwango cha chini cha kozi hiyo ni pointi 6. Bado hana sifa, kwa sababu mwongozo unataka angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, na E ya Fizikia imemwangusha. Akiombewa hapo, ada imekwenda na duru ya maombi imepita. Na hata mwenye D tatu kamili ajue kwamba hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi hugombewa, na wenye alama kubwa hutangulia.

Kabla ya kutoa pesa, mpe mhudumu swali hilo la C, D na E. Akijibu "inaingia" bila kufungua mwongozo, nenda duka linalofuata.

Kuna mtego mwingine kwa waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015. Miaka hiyo madaraja yalikuwa tofauti: kulikuwa na B+ yenye pointi 4, B ikawa 3, C ikawa 2 na D ikawa 1. Mtu wa D mbili wa miaka hiyo ana pointi 2, hana 4. Waliosoma Kenya, ng'ambo ya Holili au Namanga, hawana namba ya NECTA ya kuingiza, kwa hiyo waanze na ulinganisho wa vyeti NECTA, mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Ukiacha hadi wiki ya mwisho, duka halina la kukusaidia.

Wa stashahada wana njia yao: GPA isiyopungua 3.0 kwa kozi nyingi, pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Kwa maoni yetu hapa ndipo geti lilipolegea. AVN inathibitisha kwamba tuzo ipo kweli. Haisemi alama zilipatikanaje, na sehemu kubwa ya alama hizo hutolewa na chuo chenyewe alikosoma mwombaji, sio kwa mtihani mmoja wa taifa. Ukisikia mtu amenunua njia ya kwenda digrii, uliza kwanza alipitia wapi.

Kitu cha tatu ni kuchapa na kulipia. Ada ya maombi vyuo vingi ni shilingi 10,000 kwa kila chuo. Vyuo vya serikali, kama Ushirika Moshi au Uhasibu Njiro, vinatoa namba ya malipo ya tarakimu 12, na unailipia mwenyewe kwa simu ukiwa umesimama palepale dukani. Usimpe mhudumu pesa taslimu ili "atalipa jioni". Kazi yake ilipwe kivyake, na ikizidi ada ya chuo, akueleze inazidi kwa lipi. Tangu 2017, maombi yaliporudishwa vyuoni badala ya ule mfumo mmoja wa TCU ulioanza 2010, vyuo vinne ni akaunti nne na nywila nne. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozipa steshenari msimu wao wa mavuno.

Kosa kubwa la huduma hii liko hapo kwenye akaunti. Kwa haraka, mhudumu anaweka namba ya simu ya duka na barua pepe ya duka kwa wateja wote. Siku ya kuomba huoni tatizo. Tatizo linakuja ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi: TCU inataka uthibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri, na namba hiyo inatumwa kwenye simu au barua pepe iliyoandikwa wakati wa kuomba. Sasa mwenye duka ndiye ameshika chuo chako, na dirisha la kuthibitisha ni la siku chache. Wapo wanaodai malipo ya pili ili waitoe. Kwa hiyo laini iwe yako, barua pepe iwe yako, nywila uichape wewe na uiandike kwenye daftari lako, sio la duka.

Kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, angalia jambo moja zaidi: namba ya kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na duka likitumia moja huku na nyingine kule, mkopo na udahili havikutani.

Kama tayari akaunti ina namba ya duka, ingia kwenye mfumo wa chuo na uibadilishe, kisha omba namba ya siri itumwe upya. Ikikataa, nenda ofisi ya udahili ya chuo husika na kitambulisho pamoja na nakala ya matokeo, kabla siku za kuthibitisha hazijaisha. Na aliyekuomba pesa ili akupe nafasi, TAKUKURU wanapokea simu bure kupitia 113. Tunza ujumbe wa muamala.