Mwaka mmoja na rangi nyeupe ya kuakisi jua juu ya bati: uzoefu wangu

Kabla ya rangi nilishapoteza hela kwenye mapazia mazito. Chumba changu kinatazama magharibi, nikajiaminisha kwamba adui ni dirisha. Mapazia hayakufua dafu. Jua likishapenya kioo limeshaingia ndani; pazia linapata moto, kisha linautema mle mle chumbani.

Usiku mmoja, mnamo saa nne, nilipanda kiti kubadilisha taa. Mkono ukagusa dari. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, na jua lilikuwa limezama zamani. Ukuta niliougusa wakati nashuka ulikuwa wa kawaida tu. Basi kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nalala chini ya jiko.

Nikanunua rangi ya akriliki, ile nyeupe ya kuakisi jua inayotengenezwa maalumu kwa mapaa. Kabla ya kununua nilibishana sana na nafsi yangu, maana bati langu linang'aa, na kinachong'aa si kinarudisha jua? Kinarudisha, tena sehemu kubwa. Shida ni ile sehemu inayobaki: metali tupu ni bahili mno wa kutoa joto, kwa hiyo kinachoingia kinajilimbikiza. Rangi nyeupe inafanya kazi zote mbili. Ikiwa mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya jua, na kile kidogo inachopokea inakiachia kirahisi.

Fundi wa kwanza alipanda na rola saa sita mchana, akapaka juu ya vumbi. "Bosi, hii haihitaji kuoshwa." Mvua ya kwanza ikaja, na upande mzima ukabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Fundi wa pili alianza upya: sabuni na maji, brashi ya waya penye kutu, praima, halafu mikono miwili ya rangi, wa pili ukikatiza wa kwanza. Alifanya kazi asubuhi tu. Bati likishawaka, aliniambia, rangi inakauka juu kabla haijashika chini.

Nilitaka ushahidi, si hisia, kwa hiyo niliazima kipimajoto cha miale, kile kinachofanana na bastola. Tahadhari kwa atakayejaribu: kwenye metali inayong'aa kifaa hicho kinadanganya, kinasoma chini ya hali halisi. Nilibandika utepe mweusi wa umeme upande wa chini wa bati, kivulini, nikapima juu ya utepe. Saa saba mchana, banda la gari ambalo sikulipaka lilisoma nyuzi 61. Paa la nyumba, dakika tano baadaye, 42.

Chumbani tofauti si kubwa hivyo, msije mkadhani nimefungua jokofu. Mchana bado kuna joto. Kilichobadilika ni usiku: dari haichomi tena, na kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma mpaka alfajiri sasa nakiweka nyuzi 26, feni ikizunguka. (Feni haipoozi chumba, inapooza ngozi. Ukitoka, izime.) Uniti za umeme zimeshuka kama robo nikilinganisha na miezi ile ile ya mwaka uliotangulia. Na yule muuzaji aliyenisukuma ninunue kiyoyozi kikubwa zaidi, namshukuru kwamba sikumsikiliza. Kikizidi chumba, kinapooza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa, unabaki umelala kwenye ubaridi wenye unyevunyevu.

Miezi michache baadaye niliongeza karatasi ya alumini chini ya kenchi. Hapo fundi alitaka kuitandaza juu ya dari, nikakataa. Karatasi hiyo haina unene wa kuzuia joto. Nguvu yake iko kwenye uso unaong'aa ulioelekea hewa. Ikilala juu ya dari vumbi linaifunika, na ikibanwa kati ya vitu viwili joto linapita moja kwa moja. Tuliiacha ikining'inia, uso ukitazama chini. Imesaidia kidogo, ila kama ungeniuliza ni ipi ya kwanza, ningekujibu rangi bila kufikiri.

Dirisha la magharibi nalo halikupona kwa rangi. Lilipona kwa luva za mbao nilizofunga nje, upande wa nje jamani, jua likatizwe kabla halijafika kwenye kioo.

Malalamiko ninayo. Kiangazi kikirefuka rangi inakuwa ya khaki, na uakisi unapungua; napanda na ndoo na brashi laini. Jirani wa ghorofani analalamikia mng'ao unaompiga machoni, na ana haki. Kelele za mvua ziko pale pale.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu agizo la kuosha bati kwanza limeandikwa kwenye ndoo kwa herufi ndogo, chini ya mshikio, mahali ambapo nililiona siku ndoo ilipokuwa tupu.