Kuingiza umeme jadidifu California: ndoo ya kwanza ni imara, lakini inahesabu kila saa

Wauzaji wa umeme California wanalazimika kisheria kutimiza kiwango cha umeme jadidifu, na si lazima wote uzalishwe ndani ya jimbo. Unaweza kutoka Wyoming au hata British Columbia, mradi kituo kimetimiza masharti na kimo kwenye gridi ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Huduma inayopimwa hapa ni WREGIS, sajili ya vyeti vinavyothibitisha kwamba umeme jadidifu umezalishwa, iliyoanza kazi 2007, pamoja na kanuni za ndoo tatu, yaani makundi matatu ya umeme huo, zilizotokana na sheria ya 2011.

Ndoo ya tatu ni cheti kitupu: umeme umeshauzwa kwingine, mnunuzi anabaki na karatasi. Ya pili ni umeme unaoingizwa badala ya ule wa kituo. Kituo kinazalisha wakati wake, umeme mwingine unaingizwa California wakati mwingine, ila ndani ya mwaka ule ule wa kalenda. Ya kwanza ndiyo bidhaa kamili, yaani umeme wa kituo chenyewe kuingia California saa ile ile unapozalishwa. Kwa mikataba iliyosainiwa baada ya tarehe 1 Juni 2010, kuanzia 2017 ndoo ya kwanza haipaswi kushuka chini ya 75%, na ya tatu haipaswi kuzidi 10%. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka karatasi za bei rahisi tu hafiki mbali.

Kituo kilichoungwa moja kwa moja na gridi inayosimamiwa kutoka California kinaingia ndoo ya kwanza bila usumbufu. Kazi iko kwa kituo cha nje. Kwanza kithibitishwe na Tume ya Nishati ya California na kupewa namba, kisha kisajiliwe WREGIS. Mnunuzi au muuzaji akodi nafasi kwenye njia kuu za umeme hadi sehemu ya kuingilia, kama Malin upande wa kaskazini au Palo Verde upande wa Arizona. Halafu kila shehena iandikiwe tagi ya kielektroniki inayoonyesha chanzo, njia na mwisho wa safari. Namba ya kituo lazima iwe kwenye tagi, nayo huandikwa kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Ni uga mdogo unaosahaulika kirahisi, na ukiachwa wazi sajili haiwezi kuoanisha tagi na cheti. Umeme umefika, ushahidi haupo.

Wengi hupotezea hapa: kinachohesabiwa ni kile kilicho kidogo zaidi kati ya usomaji wa mita na ratiba iliyo kwenye tagi, saa kwa saa. Tuseme shamba la upepo limepangiwa megawati-saa (MWh) 50 kila saa. Saa ya kwanza mita inasoma 42, ya pili 57. Jumla ya mita ni 99 na ya tagi ni 100, kwa hiyo taarifa ya mwezi inapendeza macho. Lakini ndoo ya kwanza inapata 42 na 50, jumla 92. Zile 7 za ziada za saa ya pili bado zina vyeti, ila havistahili ndoo ya kwanza. Zile 8 zilizopungua saa ya kwanza zilijazwa na umeme mwingine, jambo linaloruhusiwa ili ratiba isivunjike, lakini haziwi za upepo kwa sababu hiyo. Tena umeme ulioingizwa bila chanzo kujulikana hubebeshwa tani 0.428 za hewa ukaa kwa kila MWh katika hesabu za jimbo.

Tiba yake ni mkataba wa kuhamisha umeme kwa wakati halisi, ambapo ratiba inafuata mita yenyewe. Mitambo ya mawasiliano na makubaliano ya wasimamizi wa gridi zote mbili vinagharimu, kwa hiyo kituo kidogo hakitafaidi. Kwa kituo kikubwa cha upepo, hii ndiyo njia ya kuchagua.

Udhaifu wa huduma ni mwendo wake. Cheti, kimoja kwa kila MWh, hutoka siku 90 hivi baada ya mwezi wa uzalishaji kuisha, kwa hiyo kosa la tagi la Januari linaweza kuonekana majira ya machipuko, wakati kosa lile lile limeshajirudia kwenye mamia ya tagi. Usisubiri sajili: linganisha mita na tagi mwenyewe kila wiki. Muda wa kukitumia cheti, miezi 36 tangu uzalishaji, unatosha kabisa.

Ukilinganisha na Ulaya, hati za asili za huko, yaani vyeti vinavyoonyesha umeme ulitoka chanzo gani, ni nyepesi mno. Zinauzwa mbali na umeme wenyewe, na Iceland imekuwa ikiziuza bara la Ulaya ilhali hakuna waya unaoiunganisha na bara hilo. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2023 kuhusu umeme jadidifu wa kutengenezea haidrojeni ni kali zaidi: umeme utoke eneo lile lile la soko, au eneo jirani lililounganishwa nalo ambalo bei yake ya soko la siku inayofuata ni sawa au juu zaidi, au kituo kiwe baharini katika eneo jirani. Ulinganifu wa wakati ni wa mwezi hadi mwisho wa 2029, kisha wa saa kuanzia 2030. Anayesaini mkataba wa miaka kumi leo aweke sharti la saa ndani yake tangu sasa, pamoja na haki ya kupata data ya mita kwa kila saa.