Gazeti la Pwani kwenye simu: wiki sita zangu

Mwalimu wetu wa uanahabari wa kidijitali alimpa kila mmoja wetu gazeti moja la kulifuata kwa wiki sita: la karatasi, tovuti, kurasa za mitandaoni, vyote. Mimi nikachagua gazeti la wiki linalotoka hapa hapa Mombasa. Jina silitaji, maana huenda nikaenda kwao kuomba nafasi ya mafunzo.

Nilianza kwa mguu mbaya. Nililipia usajili wa mwezi kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo ukaingia papo hapo, lakini akaunti ikagoma kufunguka. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri. Ilifunguka siku ya tatu, nami nimeshalinunua la karatasi Mwembe Tayari.

Kumbe hilo "toleo la kidijitali" ni kurasa za karatasi zilizopigwa picha, basi. Chukua kona ya samaki, ambayo naipenda kuliko zote. Mwandishi wake anaijua bahari. Upepo wa kusi ukivuma, haishii kusema bei imepanda; anakueleza kwamba bahari imechafuka, vidau havithubutu kutoka nje ya mwamba, ndiyo maana changu na tafi wameadimika. Habari ya namna hiyo huipati kwa mtu aliyekaa Nairobi. Sasa fungua jedwali lake la bei kwenye simu: ukilivuta lisomeke, tarakimu zinageuka ukungu. Ni tatu au ni nane? Kisia mwenyewe, na bando linaliwa.

Tovuti nayo ina yake. Asubuhi moja niko Likoni kwenye foleni ya kuvuka, saa moja na nusu, simu ikalia: "Feri zasimama Likoni." Nikainua macho. Feri ilikuwa inapakia, watu wanasukumana kama kawaida; moja tu ndiyo iliyokuwa imeegeshwa pembeni. Nikapiga picha ya skrini. Kufika saa nne, kichwa kimekuwa "Feri moja yapata hitilafu", saa ya kuchapishwa ni ile ile, na hakuna hata mstari mmoja wa kusema habari imerekebishwa.

Kukosea sikulaumu, anayekimbizana na habari hujikwaa. Kilichonikera ni kufuta kimyakimya. Mwenye gari aliyeamua kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kwa ajili ya kichwa kile hatajua kamwe kwamba alichoma mafuta bure. Ajabu ni kwamba kwenye karatasi watu hao hao ni waungwana: wakikosea, Ijumaa inayofuata masahihisho yako ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, lakini yapo. Na mji ambao mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliuanzishia gazeti la African Standard mwaka 1902, ukaja kutoa gazeti la Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1932, hauwezi kujitetea kwamba kazi hii ni ngeni kwake.

Ile picha ya skrini ndiyo iliyobeba ripoti yangu. Mwalimu aliirudia mara mbili mbele ya darasa.

Usajili wa simu sikuuendeleza. La karatasi bado nalichukua kila Ijumaa kwa mzee wangu muuza magazeti wa Mwembe Tayari. Wiki iliyopita nilichelewa, nikamkuta ameshakunja meza. "Wataka la leo, mwanangu?" akaniuliza, akalichomoa chini ya mto aliokalia. Alikuwa ameniwekea.