Boksi la Busby Berkeley: jina la mpanga ngoma, nyimbo za Harry Warren

Habari zenu wadau, karibuni tena sebuleni kwangu. Mtanisamehe kelele za feni. Joto la Dar mnalijua, nikiizima hapa video nitaimalizia bafuni.

Mzigo wa leo huu hapa, ngoja niusogeze muuone vizuri. Boksi la DVD lenye diski 6, linaitwa The Busby Berkeley Collection, studio ya filamu ya Warner walilitoa mwaka 2006. Ndani mna filamu 5 za muziki za kati ya 1933 na 1935: 42nd Street, Gold Diggers of 1933, Footlight Parade, Dames na Gold Diggers of 1935. Diski ya 6 ni nyimbo na ngoma tupu, hadithi zimeondolewa. Ni la mtumba, shangazi kanibebea kwenye begi kutoka Marekani. Kona hii imebonyea, lakini diski zenyewe hazina mkwaruzo.

Najua mtaniuliza kama linacheza huku. Hapo ndipo nilipoumia. Diski hizi zimefungiwa eneo namba 1, yaani Marekani na Kanada. Sisi Afrika Mashariki tuko namba 5. Deki yangu ikaimeza ya kwanza, ikaguguna kidogo, ikaitema. Nikajaribu ya pili, nayo ikatemwa. Mwisho nikaenda kuazima deki ya jirani, ile ya bei ya kutupa inayokula hata diski ya harusi iliyochubuka, ikacheza bila swali. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua deki yako inakula nini. Maandishi ya chini ya Kiswahili hakuna, msiyatafute.

Picha ni nyeusi na nyeupe, umbo lake karibu na mraba. Kwenye TV pana utaona nguzo mbili nyeusi pembeni. Ziache hapohapo! Ukiivuta picha ijae kioo, mabinti wote wananenepa, na yale maduara yao ya ngoma yanakuwa mayai.

Sasa malalamiko yangu. Kava limeandikwa jina la Busby Berkeley, yule aliyepandisha kamera juu darini ili wacheza ngoma waonekane kama ua linalofunguka. Heshima yake anayo. Ila jana nilifanya jaribio: nikazima sauti dakika mbili nzima. Unajua kilichobaki? Mabinti wanazunguka kama feni hii. Nikarudisha sauti, na mama yangu aliyekuwa anachambua mchele akaanza kutikisa bega bila kujijua. Hiyo si kazi ya kamera. Hiyo ni kazi ya Harry Warren, mtunzi wa muziki ambaye yumo katika diski zote 5 za filamu, na kwenye kava jina la mbele si lake.

Huyu bwana alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1893, siku ya mkesha wa Krismasi. Jina la kuzaliwa ni Salvatore Antonio Guaragna. Wazazi Waitaliano waliohamia Marekani, baba fundi viatu, watoto 11 ndani ya nyumba. Hela ya mwalimu wa muziki itoke wapi? Akachukua akodiani ya baba yake akajifundisha mwenyewe. Akodiani ni ileile mnayoiona kwenye taarab ya Zanzibar. Baadaye akajifundisha na piano. Akaacha shule, akapiga ngoma kwenye bendi ya maonyesho ya kuzunguka, kisha akapata kibarua kwenye studio ya filamu ya Vitagraph hapohapo Brooklyn. Enzi zile filamu ni bubu, na moja ya kazi zake ilikuwa kupiga piano pembeni wakati wa kurekodi, ili mwigizaji apate hisia. Yaani kabla filamu hazijapata sauti, huyu alishajua wimbo unamfanya nini mtu aliye mbele ya kamera. Kwangu mimi siri yake yote iko pale.

Wimbo wake wa kwanza kuvuma ulitoka 1922. Miaka kumi baadaye Warner wakamwita Hollywood kwa ajili ya 42nd Street. Wakati huo watazamaji walikuwa wameshachoshwa na filamu za nyimbo, studio zilikuwa zimezimwaga nyingi mno sauti ilipoingia. Hii ndiyo iliyozirudisha. Maneno yaliandikwa na Al Dubin, mzaliwa wa Zürich, jitu la miraba minne, mlaji, mnywaji, mtu wa kupotea siku kadhaa. Warren alitunga muziki, Dubin akauvika maneno. Na raha ya diski hii ni kwamba wote wawili wamo ndani ya filamu, kwa muda mfupi tu, wakiigiza watunzi wa nyimbo. Ukipepesa umewakosa. Mimi nimesimamisha picha mara tatu nimwangalie Warren usoni.

Ukiniambia nichague diski moja, nakupa Gold Diggers of 1933, nyingine baki nazo. Inaanza na Ginger Rogers kavaa sarafu mwili mzima, anaimba kwamba hela zimejaa. Katikati anaanza kuuimba wimbo uleule kwa maneno yaliyovurugwa, kama watoto wetu wanavyosema kinyume mbele ya wazazi. Umekaa sawa unafurahi, mara wanaingia maofisa wa kudai madeni, wanabeba mapazia, wanabeba mavazi, ngoma imekwisha. Kumbukeni ule ni mwaka wa njaa Marekani.

Halafu filamu inafungwa na Remember My Forgotten Man, kuhusu wanajeshi waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia wakakuta hawana kazi wala chakula. Joan Blondell anaanza kwa kuyasema tu maneno, barabarani chini ya taa. Kisha kamera inapanda dirishani, kuna mama mmoja mweusi amekaa, na yeye ndiye anayeuimba. Ni Etta Moten. Hakuandikwa hata jina kwenye filamu! Mwaka uliofuata aliimba Ikulu ya Marekani mbele ya rais Roosevelt, na mwaka 1957 alikuwa Accra kwenye uhuru wa Ghana. Mpeni dakika zenu mama huyu. Muziki unatembea taratibu kama hatua za askari aliyechoka, wala Warren hajaulazimisha ulie.

Diski ya 1935 ina Lullaby of Broadway, uliompa Warren Oscar ya kwanza. Unaanza na giza tupu, nukta nyeupe kwa mbali, inakuja, inakuja, kumbe ni uso wa Wini Shaw anayeimba. Dames ina I Only Have Eyes for You, ambao kundi la waimbaji The Flamingos waliurudia 1959. Filamu yenyewe nyepesi, ukipitiwa na usingizi sikulaumu.

Footlight Parade naitoa maksi. Kwanza, wimbo wake wa maporomoko ya maji mnaousifia sana si wa Warren, ni wa Sammy Fain na Irving Kahal. Pili, Shanghai Lil ni wa Warren na Dubin, muziki mtamu, James Cagney anacheza vizuri ajabu, lakini Ruby Keeler wamempaka wakamgeuza Mchina. Siwezi kuwaambia msione.

Na kasoro kubwa ya boksi ni kwamba linaishia 1935, wakati jamaa ndiyo kwanza kapamba moto. Chattanooga Choo Choo haumo, ule wa Warren uliopigwa na bendi ya Glenn Miller ukauza nakala milioni 1.2, hadi Februari 1942 Miller akakabidhiwa sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, ya kwanza ya aina yake. Oscar zake nyingine mbili, ya filamu ya 1943 na ya 1946, hazimo. At Last haumo. Huo Warren aliutunga na Mack Gordon, ukaimbwa kwenye filamu ya 1942, akaja kuuchukua mwimbaji Etta James, Etta mwingine huyo, mwaka 1960. Nikamchezea mama kwenye simu. Akaacha ungo. "Si ule wa Obama?" Ndio huo. Januari 2009, Beyoncé anaimba, Barack na Michelle wanacheza, na huku kwetu, kuanzia Kogelo, kijiji cha baba yake Obama kule Kenya, watu wamekesha mbele ya TV. Nani kati yetu alimtaja Guaragna usiku ule?

Alifariki Los Angeles mwaka 1981.

Bei sitaji, maana la mtumba kila mtu na bahati yake. Deki lazima niirudishe kwa jirani kabla ya magharibi. Ila mama kaniomba kwanza nimrudishie yule wa dirishani, kwa hiyo naizima kamera.